Kupima Volti Kubwa kwa Bodi Ndogo: Kumbukumbu za Meza ya Fundi, Busia na Tororo

Pini ya maikrokontrola haitakiwi kupewa volti nyingi kuliko zile zinazoiendesha maikrokontrola yenyewe. ATmega328P, ambayo ndiyo akili ya bodi ya Arduino Uno, huendeshwa kwa volti 5, na mtengenezaji ameonya kwamba pini isipandishwe zaidi ya nusu volti juu ya hapo. ESP32, inayopendwa siku hizi kwa sababu ina Wi-Fi ndani yake, huendeshwa kwa volti 3.3. Lakini vitu vinavyohitaji kupimwa Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, vina volti nyingi zaidi: betri ya asidi ya volti 12, paneli ya sola inayofika volti 22 ikiwa haina mzigo, mfumo wa volti 24 wa malori yanayopanga foleni Malaba, betri ya pikipiki ya umeme ya volti 72, na stima ya nyumbani ya volti 240. Ili pini isiungue, inapewa sehemu ndogo tu ya volti hizo, sehemu ambayo uwiano wake unajulikana. Kazi hiyo hufanywa na kigawanya volti, yaani rezista mbili zilizounganishwa mfululizo.

Kanuni yake ilichapishwa mwaka 1827 na Mjerumani Georg Ohm: mkondo unaopita kwenye rezista hutegemea volti zilizo kati ya ncha zake mbili na ukubwa wa rezista yenyewe. Rezista mbili zikiwa mfululizo, mkondo unaozipitia ni mmoja, hivyo kila moja hubaki na fungu la volti linalolingana na ukubwa wake. Ya juu huungwa kwenye upande chanya wa kinachopimwa, ya chini kwenye upande hasi ambao pia ndio hasi ya bodi, na pini husoma pale zinapokutana. Mfano wa kawaida wa meza za mpakani ni rezista ya juu ya 100k, yaani omu 100,000, na ya chini ya 22k. Jumla ni 122k, na pini hupata 22 juu ya 122 ya volti zote; ukigeuza hesabu, volti za betri ni volti za pini mara 5.545. Betri yenye volti 12.6 huipa pini volti 2.27. Pini ikifika volti 5, kinachopimwa kimefika 27.7, na huo ndio upeo.

Ndani ya ATmega328P kuna kigeuzi cha biti 10 kinachozigawa volti 5 katika hatua 1,024, kila hatua karibu milivolti 4.9. Hatua hiyo ikizidishwa mara 5.545 huwa milivolti 27 za betri. Kwa betri ya asidi inatosha. Iliyojaa na kupumzika husimama karibu na volti 12.7, na vidhibiti vingi vya sola hukata mzigo karibu na 11.1, kwa hiyo kati ya kujaa na kukatwa zipo hatua 59 hivi. Anayetaka zaidi husoma mara nyingi na kuchukua wastani, lakini fundi anayehangaikia milivolti kabla ya kuhangaikia makosa makubwa yanayofuata hapa chini anapoteza muda wake.

Haja ya kipimo hiki mpakani ilitangulia maikrokontrola. Katika vijiji vya Wasamia, vya Iteso na vya Jopadhola ambako nguzo za stima zilichelewa kufika, redio na televisheni ziliendeshwa kwa betri ya gari. Ilipokwisha ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa, na Busia, mji uliozaa bodaboda, baiskeli ya kubebea haikukosekana. Hali ya betri ilijulikana kwa macho: taa ikififia, imekwisha. Kwa kipimo hicho betri nyingi zilikufa kabla ya wakati wake, maana betri ya asidi ikiachwa tupu kwa siku nyingi, sahani zake huota fuwele za salfeti zisizoyeyuka tena. Sola ilipoenea, betri ilibaki nyumbani, lakini ile tabia ya kuangalia taa ilibaki nayo. Arduino ilikuwa imebuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Busitema, chenye kitivo cha uhandisi, kikaanzishwa wilayani Busia mwaka 2007. Bodi zilipoanza kuuzwa Nairobi na Kampala kwa bei ya kuvumilika, fundi wa redio aliyezoea kubadilisha transista aliweza kujenga kipimo chake mwenyewe, chenye kioo kidogo cha namba, na kukifunga ukutani kwa mteja.

Namba za mwanzo zilidanganya. Kinachokumbukwa na waliokuwa mezani enzi hizo ni vipimo viwili vilivyojengwa kwa mchoro mmoja, programu moja, na rezista kutoka pakiti mbili tofauti. Vilipowekwa kwenye betri ileile, kimoja kilisema imejaa, kingine kikasema inakaribia kukatwa. Mwenye betri aliuliza swali la haki: “Fundi, sasa niamini kipi?” Jibu lililokuwapo ni moja tu: “Mzee, usiamini hata kimoja. Ngoja nilete multimita.”

Sababu ilikuwa pete ya rangi ya dhahabu kwenye rezista. Rezista ya bei ya chini yenye pete hiyo huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5 kwenda juu au chini. Kama ya juu ina 105k badala ya 100k, na ya chini 20.9k badala ya 22k, betri yenye volti 12.6 itaonekana ina 11.6. Upotofu ukigeuka upande wa pili, betri hiyohiyo itaonekana ina 13.7, kana kwamba iko kwenye chaji. Mtu anaweza kudhani kwamba asilimia 5 ya kosa kwenye rezista ni asilimia 5 ya kosa kwenye jibu. Hapa zinakaribia 8 au 9, kwa sababu makosa ya rezista mbili yanaweza kusukumana upande mmoja. Rezista za asilimia 1, zile za filamu ya metali zenye pete tano, hupunguza pengo hadi kati ya 12.4 na 12.8 kwa betri ileile. Bei yake ni juu kidogo tu, na kwenye kipimo cha betri hakuna sababu nzuri ya kuzikwepa.

Hata hivyo si lazima kuijua thamani halisi ya kila rezista. Kinachohitajika ni uwiano wao, na uwiano huo hupatikana kwa kupima betri kwa multimita nzuri ya dijiti, kusoma kile bodi inachosema wakati uleule, na kugawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jibu huandikwa kwenye programu kama kizidisho kimoja, na upotofu wa rezista zote mbili humezwa humo. Kila kipimo kiwe na kizidisho chake. Fundi aliyenakili kizidisho cha kipimo cha kwanza kwenye vingine vyote hakufanya urekebishaji wowote. Alisambaza kosa la kimoja kwa wote. Joto la mabati wakati wa mchana husogeza rezista kidogo, na za kaboni husogea zaidi kuliko za metali, lakini kwa betri ya nyumbani hilo ni dogo.

Kizidisho hakitibu ugonjwa wa pili, ambao ni volti rejea. Kigeuzi hakijui volti. Kinajua sehemu tu. Kinasema pini imefika sehemu kadhaa kati ya 1,024 za volti zinazoiendesha bodi, na programu ndiyo inayodhani kwamba hizo ni 5 kamili. Bodi ikilishwa na chaja ya simu iliyochoka, au kwa waya mwembamba wa USB, inaweza kupata 4.7 tu. Pini yenye volti 2.27 itasomwa kama hatua 495 badala ya 465, na programu itatangaza betri ya volti 13.4 ilhali ina 12.6. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linahamahama: jana chaja nyingine, leo nyingine, na kizidisho kilichopatikana kwa uangalifu hakina maana tena.

ATmega328P ina rejea nyingine ndani yake, ya volti 1.1, isiyotegemea chaja. Mtengenezaji anakiri kwamba inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2 kutoka chipu hadi chipu, lakini kwenye chipu moja haiyumbi sana, na tofauti ya chipu na chipu humezwa na kizidisho kilekile. Rezista ya chini hubadilishwa kuwa 4.7k, uwiano unakuwa 22.3, na upeo unakuwa karibu volti 24.5. Kwa betri ya volti 12 huu ndio mpango bora kuliko yote iliyotajwa hapa. Wanaokimbilia ESP32 kwa ajili ya biti zake 12 wanapaswa kujua kwamba kigeuzi chake hupinda karibu na sifuri na karibu na kilele, na kwamba baadhi ya pini zake hazisomeki wakati Wi-Fi inafanya kazi. Hatua 4,096 zilizopinda hazizishindi hatua 1,024 zilizonyooka.

Multimita yenyewe nayo imewahi kuwa chanzo cha lawama. Multimita za mshale, ambazo hazijatoweka kwenye meza za mafundi wa zamani, nyingi zina omu 20,000 kwa kila volti ya kipimo. Ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 2.5, multimita yote ni rezista ya 50k. Fundi akiigusisha pale 100k na 22k zinapokutana, anakuwa ameongeza rezista ya tatu sambamba na ya chini, na volti 2.27 hushuka hadi 1.67. Rezista nzima kabisa zilitupwa kwa sababu ya hukumu hiyo. Multimita ya dijiti, ambayo kwa kawaida ina omu milioni 10, husoma mahali hapohapo kwa kosa lisilofika sehemu moja kwa mia. Mshale unafaa kupima betri moja kwa moja, ambako hauna cha kuiba. Ajabu yake ni kwamba mshale huohuo unatumia rezista za mfululizo kubadilisha vipimo vyake kutoka volti 10 hadi 50 hadi 250. Kwa hiyo fundi wa zamani amekuwa akitumia uwiano wa rezista maisha yake yote bila kuufungua mfuniko.

Kwa nini basi 100k na 22k, wala si 1k na omu 220, maana uwiano ni uleule? Kwanza ni njaa. Rezista ndogo hunywa betri: 1k na omu 220 kwenye volti 12.6 hupitisha miliampia 10.3 usiku na mchana, na betri ndogo ya ampia-saa 7, ile ya kengele za wizi, ingekwisha ndani ya wiki nne kwa kupimwa tu. Kwa 100k na 22k mkondo ni sehemu moja ya kumi ya miliampia, na mwezi mzima hauli hata asilimia 2 ya betri hiyo. Pili ni usalama. Lehemu ya rezista ya chini ikiachia, pini hubaki imeunganishwa na betri nzima kupitia rezista ya juu peke yake. Kwa 100k, mkondo unaoingia ndani ya chipu kupitia diodi zake za kinga ni mdogo mno kudhuru. Kwa 1k ni miliampia 7 hivi, ilhali kanuni ya kazi ni kutopitisha zaidi ya moja. Rezista kubwa ya juu, kwa maneno mengine, ni fyuzi isiyokatika.

Ukubwa huo nao una mpaka. Kigeuzi cha ATmega328P kimetengenezwa kwa chanzo cha omu 10,000 au pungufu, kwa sababu kila kinaposoma hujaza kapasita ndogo sana iliyo ndani yake, na rezista kubwa huichelewesha. Sambamba ya 100k na 22k ni 18k, tayari imepita. Dawa ni kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na hasi: huwa akiba ya karibu ambayo kigeuzi huchota bila kungoja, na pia huchuja kelele za inverta. Inagharimu shilingi chache na huondoa malalamiko mengi ya namba zinazorukaruka.

Jambo lililounguza vitu vingi kuliko yote halikuwa kwenye hesabu kabisa. Vidhibiti vingi vya sola vya bei nafuu, vya aina ya PWM, vina chanya ya pamoja: waya chanya wa paneli, wa betri na wa mzigo ni kitu kimoja ndani yake, na swichi ya kielektroniki hukata na kuunga upande wa hasi. Fundi aliyesoma kwamba hasi zote ziunganishwe na hasi ya bodi hutengeneza vigawanya viwili, kimoja cha paneli na kingine cha betri, na kuziunga hasi zote mbili kwenye bodi. Kwa kufanya hivyo amekizunguka kidhibiti. Paneli sasa inachaji betri moja kwa moja kupitia waya mwembamba wa bodi, na paneli ya wati 100 kwenye jua la Busia hutoa ampia 5 na ushee. Waya hupata moto. Ukistahimili, betri hupanda kupita volti 14.4 bila wa kuizuia, maji yake huchemka na kutoa haidrojeni. Mteja huona kioo kinaonyesha namba nzuri zinazopanda, na hufurahi.

Njia ya kutambua ni nyepesi. Kidhibiti kikiwa kimefunguliwa nyaya zote, multimita huwekwa kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye chanya ya paneli na nyingine kwenye chanya ya betri. Ikilia, chanya ni ya pamoja, na hasi ya paneli isiguse bodi. Wapo wanaojaribu kukwepa kwa kupima hasi ya paneli kutoka upande wa betri, lakini swichi ikiwa wazi na paneli iko kwenye volti 21 huku betri iko 13, hasi ya paneli iko volti 8 chini ya hasi ya betri, na pini ya bodi haipokei volti za chini ya sifuri. Rezista ya tatu inayovuta kuelekea volti 5 inaweza kuinua kipimo hicho, ila kwa nyumba ya kawaida hilo ni kujitafutia kazi. Betri ndiyo yenye habari. Paneli haina haja ya kupimwa kila dakika, na anayetaka kabisa kuipima anunue kidhibiti chenye hasi ya pamoja.

Habari ya betri nayo isomwe kwa akili. Televisheni au inverta ikiwashwa, volti hushuka ghafla, na ikizimwa hupanda tena ingawa hakuna chaji iliyoingia. Programu inayokata mzigo kwenye 11.1 na kuurudisha kwenye 11.2 itawasha na kuzima taa kama mtoto anayechezea swichi. Vidhibiti vya kiwandani hukata karibu na 11.1 na kungoja hadi 12.6 hivi ndipo virudishe, na hakuna sababu ya bodi ya fundi kufanya tofauti.

Kisha kuna radi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja Tororo kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, na yeyote aliyeishi kati ya Ziwa Viktoria na Mlima Masaba, unaoandikwa Elgon kwenye ramani, hahitaji kitabu kumthibitishia. Radi ikipiga nyumba, hakuna rezista itakayosaidia. Inayopiga jirani ndiyo inayoweza kuzuiliwa: huamsha volti nyingi kwa kitambo kidogo kwenye nyaya ndefu zinazotoka paa hadi sebuleni, hasa nyaya mbili zikiwa zimeachana na kuzungushia eneo kubwa. Kuzisokota pamoja kunapunguza sana. Kuigawa rezista ya juu kuwa mbili za 47k, moja mwanzoni mwa waya upande wa betri na nyingine kwenye bodi, kunaongeza umbali ambao cheche inapaswa kuuruka. Uwiano utabadilika kidogo, na kizidisho kitaumeza. Diodi ya kinga kati ya pini na hasi humaliza kazi, mradi ichaguliwe isiyovuja mkondo kwenye volti za kawaida. Diodi ya Zener ya volti 5.1 huvuja kabla haijafika 5.1, na hupotosha kipimo pale kinapohitajika zaidi, karibu na kilele.

Malori ya Malaba na Busia yana tatizo linalofanana na radi, ila linatoka ndani. Mfumo wa volti 24 huchajiwa kwa 28 hivi, na kwa hesabu ya kawaida 100k na 12k, zenye upeo wa volti 46, zingetosha. Lakini waya wa betri ukichomoka wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti zinaweza kuruka kupita 100 kwa sehemu ya sekunde. Kwenye volti 150, rezista ya 100k hupitisha mkondo unaoiacha pini ukingoni kabisa mwa ile miliampia moja. Kwa lori, rezista ya juu iwe 220k na ya chini 27k: uwiano ni karibu uleule, na kinga ni maradufu.

Pikipiki za umeme huleta swali jingine. Betri ya volti 72 yenye seli 20 za lithiamu hufika 84 ikijaa, na kigawanya cha 330k na 15k huishusha vizuri. Tamaa huanza fundi anapotaka kuijua kila seli: kupima kutoka hasi hadi seli ya 20, kupima hadi ya 19, na kutoa. Hesabu ni sahihi na jibu halifai. Kosa la asilimia 1 kwenye 84 ni volti 0.84, wakati seli nzima ina 4.2, na tofauti inayotafutwa kati ya seli mbovu na nzima inaweza kuwa sehemu ya kumi ya volti. Kutoa namba kubwa mbili zenye makosa ili kupata ndogo hukuza kosa kuliko kitu kinachotafutwa. Kazi hiyo ina chipu zake, zile za ulinzi wa betri, zinazoshika kila seli kivyake. Kigawanya kibaki na volti za betri nzima.

Stima ya nyumbani ni habari nyingine kabisa. Kenya na Uganda zote zinatumia volti 240 za hezi 50, na plagi ileile ya Kiingereza ya miguu mitatu ya mstatili. 240 ni namba ya wastani wa nguvu. Kilele cha wimbi ni volti 339, chanya na hasi kwa zamu. Kigawanya cha 122k kilichotumika kwenye betri kingekula karibu nusu wati, mara mbili ya uwezo wa rezista ya robo wati, na rezista hizo kwa kawaida hazikubali zaidi ya volti 250 kati ya ncha zake hata kama hazipati moto. Mtu anaweza kuweka rezista nyingi kubwa mfululizo na kulitatua hilo. Asichoweza kutatua kwa rezista ni kutenganisha. Rezista hugawa volti, lakini waya bado ni mmoja: hasi ya bodi imefungwa kwenye nyutro ya ukutani. Ekstensheni iliyofungwa kinyume, na ziko nyingi, hugeuza nyutro kuwa laivu, na papo hapo kila chuma cha bodi, waya wa USB na mwili wa kompyuta vina volti 240. Vigawanya vya aina hiyo vimo ndani ya mita na vifaa vya kiwandani, vimefungwa kwenye plastiki ambayo mkono haufiki. Kwenye meza iliyo wazi havina nafasi.

Kinachotumika badala yake ni transfoma ndogo. Moduli ya ZMPT101B, inayouzwa pamoja na bodi zenyewe, ina transfoma ya kupimia inayotenganisha kabisa upande wa ukutani na upande wa bodi. Adapta ya zamani inayotoa volti 9 za AC hufanya kazi hiyohiyo: bila mzigo hutoa 11 hivi, kilele chake ni kama 15.6, na 100k na 10k huzishusha hadi 1.4. Kwa kuwa wimbi hushuka chini ya sifuri, kituo chake huinuliwa hadi volti 2.5 kwa rezista mbili sawa kati ya 5 na hasi, ambazo nazo ni kigawanya kingine. Arduino Uno husoma karibu mara 10,000 kwa sekunde, kwa hiyo katika wimbi moja la milisekunde 20 hupata namba kama 200. Hutolewa kituo, kila moja huzidishwa kwa yenyewe, huchukuliwa wastani, kisha kipeuo cha pili, na jibu hurekebishwa kwa multimita kama lile la betri. Kwa kipimo hicho friji ya duka la maziwa hukatwa stima inapozama na kurudishwa inapotulia.

Wakubwa wa umeme hufanya vilevile. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, Kampuni ya Kenya Power iliundwa mwaka huohuo ili kujenga njia za kuleta umeme huo Nairobi kupitia Tororo. Njia za aina hiyo ni za volti 132,000, na hakuna mita inayoguswa na volti hizo. Katika vituo vya kiwango hicho hutumika sana mlolongo wa kapasita, kigawanya kisichopoteza nguvu kwa joto kama rezista, kisha transfoma hupokea kilichobaki, hukitenganisha, na kuipa mita volti 110. Uwiano ni 1,200 kwa 1.

Anayetaka kuanza aanze na betri ya volti 12, rezista za asilimia 1, kapasita moja na multimita ya dijiti ya kuazima. Stima ya ukutani ingoje hadi atakapopata transfoma.